Sanduku la Safari si Duka la Dawa

Naomba nafasi katika jarida letu niseme jambo ambalo najua litawaudhi baadhi yenu, wakiwemo watu ninaokula nao pilau kila Idi na kila Krismasi. Nimelibeba moyoni muda mrefu, na Waswahili tulishaambiwa kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Bora niumbuke mwenyewe kwa kalamu yangu.

Sote tunajua mtu akirudi likizo hapa Uingereza kunakuwaje. Ndugu na marafiki wanakusanyika sebuleni, sanduku linafunguliwa. Wanatoka dagaa wa Kigoma, mchele wa Kyela, ubuyu, iliki, kanga za Mombasa. Halafu chini kabisa, ndani ya soksi, unatoka mfuko wa nailoni uliojaa vidonge. Vile vya rangi mbili vimo. Amoksilini imo, dawa ya tumbo imo, dawa ya mkojo imo. Mwenye sanduku anavigawa kama anavyogawa ubuyu: hivi vyako shemeji, kwa kile kikohozi chako, hivi wekeni kabatini, huwezi kujua. Na sisi tunapokea kwa mikono miwili, tunashukuru, tunasema huyu kweli anatujali.

Mwenye sanduku hilo nimekuwa mimi.

Mwaka 2023 nilikwenda Tanga kumzika baba yetu mdogo. Siku ya kuondoka nilipita duka la dawa, nikaagiza kama anayenunua nyanya: nipe pakti tano za hii, pakti tatu za ile. Muuzaji hakuniuliza naumwa nini, wala mimi sikuona ajabu kwamba hakuuliza. Pakti mbili nilimpa dada yangu mkubwa, ambaye hufanya kazi za usiku kwenye nyumba ya wazee na ana kisukari. Aliwahi kulalamika kwamba mkojo unamchoma na kwamba kupata nafasi kwa daktari wa familia, yule tunayemwita GP, ni kupiga simu saa mbili kamili asubuhi na kusubiri kwenye foleni mpaka chai ipoe. Nikamwambia, "Dada, usihangaike. Meza hizi."

Akameza siku mbili, akapata nafuu, akaziweka zilizobaki. Baada ya wiki chache mkojo ukachoma tena, akameza tena siku mbili tatu. Na mara ya tatu vivyo hivyo. Februari 2024, saa kumi alfajiri, shemeji akanipigia simu: "Njoo, dada yako anaongea maneno ambayo siyaelewi." Nilimkuta anatetemeka, anapumua mbiombio, ananiita kwa jina la marehemu mama yetu. Ambulensi ikaja. Ugonjwa ulikuwa umepanda kutoka kibofu hadi figo, na kutoka figo ukaingia kwenye damu.

Pale hospitali daktari kijana aliuliza swali moja: mgonjwa ametumia antibiotiki yoyote miezi ya karibuni? Shemeji akanitazama. Mimi nikamtazama daktari. Nikasema hapana.

Nilisema hapana kwa aibu. Niliogopa kuonekana mshamba, niliogopa kuulizwa dawa zimetoka wapi, niliogopa labda ni kosa la jinai. Daktari akaanza na dawa ya kawaida. Siku ya tatu, damu ilipokwisha kuoteshwa maabara, majibu yakaonyesha kwamba bakteria waliomo hawasikii amoksilini, hawasikii jamaa zake wengi, na ile dawa aliyokuwa akipewa walikuwa wanaichezea. Akahamishiwa kwenye meropenem, dawa ya sindano ambayo hospitali huiweka akiba. Alilala siku 19. Yu hai, namshukuru Mungu, lakini figo zake hazijarudi kama zilivyokuwa, na kazi ya usiku ameiacha. Zile siku mbili na zaidi za kutibiwa kwa kubahatisha zilitokana na neno langu moja.

Basi ninapowashambulia watu wa masanduku, nawashambulia nikiwa mmoja wao.

Nani hasa anapigana?

Kosa letu la kwanza ni kudhani kwamba dawa ndiyo inayoponya na mwili umekaa tu ukiangalia. Sivyo. Vita vya kila siku dhidi ya bakteria vinapiganwa na mwili wenyewe, tena bila kupiga kelele. Ngozi ni ukuta. Kamasi na machozi ni mtego. Asidi ya tumbo ni tanuri. Mkojo unaposhuka huzoa na kusafisha njia. Na ndani ya mifupa yetu, kwenye uboho, mwili wa mtu mzima huzalisha chembe nyeupe za kukamata bakteria takriban bilioni 100 kila siku. Chembe hizi huishi muda mfupi sana. Huenda pale palipojeruhiwa, humeza bakteria, humsaga, nazo hufa. Ule usaha unaouona kwenye jipu, kwa sehemu kubwa, ni maiti za askari wako.

Jambo hili halikujulikana siku zote. Mwaka 1882, kule Messina kwenye kisiwa cha Sicily, mwanasayansi aliyezaliwa katika milki ya Urusi, Elie Metchnikoff, alichoma miiba kwenye vijana wachanga wa kiti cha pwani, yule samaki-nyota tunayemwona maji yakitoka. Kesho yake akaona chembe hai zimeuzunguka mwiba. Akajua kwamba mwili haungoji mganga. Una walinzi wake. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich, aliyechunguza silaha ya pili, yaani kingamwili, zile protini za kwenye damu zinazomtambua adui aliyewahi kuingia na kumng'ang'ania ili chembe nyeupe zimkamate upesi.

Hata Alexander Fleming, ambaye kila mtu anamtaja kwa penisilini aliyoigundua London mwaka 1928, alianza na mwili. Miaka michache kabla, mwaka 1922, alichapisha habari za lisozimu, kitu kilichomo katika kamasi na machozi chenye uwezo wa kupasua baadhi ya bakteria. Yaani mtu yule yule aliyetupa dawa alikuwa ameshaona kwamba pua ya mtu mwenye mafua ina dawa yake.

Mafua yenyewe, jamani, huletwa na virusi. Vikohozi vingi vya msimu wa baridi na makoo mengi yanayowasha ni virusi pia. Antibiotiki haimgusi kirusi hata kidogo, kwani hana ukuta wala karakana ile ambayo dawa hizi hushambulia. Ukimeza vile vya rangi mbili ukapona mafua siku ya tano, umeponywa na kinga yako mwenyewe. Kidonge kimedandia sifa tu. Wakati huo huo kidonge kimeshuka tumboni, kimewakuta bakteria wema wanaoishi na wewe na kukusaidia, kimewafyeka. Wanaobaki ni wale wachache wanaoihimili dawa, na sasa wana shamba zima peke yao. Bakteria wa tumboni aitwaye E. coli, akipata chakula na joto la kutosha, anaweza kujigawa kila dakika 20. Piga hesabu: mmoja akianza saa moja asubuhi, saa nane mchana ni zaidi ya milioni mbili. Na kibaya zaidi, bakteria hupeana ule ujanja, hata wasio wa jamii moja, kama majirani wanaoazimana ungo.

Hicho ndicho kilichotokea kwa dada yangu. Bakteria waliobaki baada ya kila dozi ya kubahatisha walikuwa wale wenye kimeng'enya cha kuikatakata dawa. Kisukari nacho hudhoofisha zile chembe nyeupe. Askari wamechoka, adui amepewa mazoezi, na mwalimu wa mazoezi ni mimi na sanduku langu.

Hoja za wenzetu, na majibu yangu

Nimezisikia hoja zote, kwa sababu nimewahi kuzitoa mwenyewe.

Ya kwanza: "Madaktari wa hapa wanatudharau. Unakwenda unaumwa, wanakupa panadoli." Nakubali kwamba wapo wanaotudharau. Nakubali kwamba mama mwenye Kiingereza cha kuungaunga huambiwa "rudi ukizidiwa" na mtu ambaye hajamtazama usoni. Hilo ni la kupigania, tena kwa barua na kwa majina. Lakini tusichanganye mambo mawili. Daktari anayekunyima antibiotiki kwa mafua hakudharau. Anakutendea kama anavyomtendea mtoto wake. Na wala si kweli kwamba hawathamini chetu. Tangu mwaka 2018 mwongozo rasmi wa Uingereza kwa kikohozi cha kawaida unataja asali, isipokuwa kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Asali ya bibi imeingia kwenye mwongozo wa madaktari, na sisi wajukuu tumeikimbia tukakimbilia kapsuli!

Ya pili: "Sisi tumezaliwa Afrika, tumekunywa maji ya kisima, kinga yetu ni chuma." Maneno haya husemwa kwa kicheko, mkono ukipiga kifua. Hebu twende Muhimbili tukaone hicho chuma. Mwaka 2001 na 2002 watafiti waliwafuatilia watoto 1,828 waliolazwa pale na dalili za maambukizi makali. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Miongoni mwa watoto ambao damu yao iliingiliwa na bakteria wa kundi linaloitwa gramu-hasi, alimo E. coli, waliokufa walikuwa asilimia 43.5. Wa malaria walikuwa asilimia 20.2. Sikiliza vizuri: hapo Dar es Salaam, bakteria hao waliwaua watoto kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya malaria, ugonjwa ambao kila mmoja wetu analijua jina lake na kuuogopa. Na watoto waliokuwa wakipewa dawa ambayo bakteria wao wameshaizoea ndio waliokuwa hatarini zaidi ya kufa. Walikuwa wamezaliwa Afrika hao.

Kinga si kabila wala pasipoti. Kinga ni mafunzo, na mafunzo hupotea au hupungua kwa umri, kwa kisukari, kwa njaa, kwa UKIMWI usiotibiwa. Inakadiriwa kwamba karibu robo ya watu duniani wamewahi kuambukizwa bakteria wa kifua kikuu, na wengi wetu tuliokulia kwetu tumo humo. Mwili umemzungushia ukuta, amelala. Lakini ukuta unaweza kubomoka miaka mingi baadaye, mtu akiwa Leicester au Minneapolis, ameshasahau kama aliwahi kukaa chumba kimoja na mjomba aliyekuwa akikohoa. Mtu huyo akijitibu kikohozi cha wiki tatu kwa dawa za sanduku, anajichelewesha yeye na kuwaambukiza watoto wake.

Ya tatu: "Mimi natumia vya kuongeza kinga." Hapa nawageukia wale wanaopita kwenye sherehe zetu na unga kwenye makopo, chai za kusafisha damu na matone ya kila ugonjwa, bei yake mshahara wa siku mbili wa kubeba boksi. Ndugu zangu, kinga si tairi la baiskeli kwamba ukilijaza upepo ndio vizuri. Kinga ikizidi mpaka, inamshambulia mwenye mwili; pumu, mzio, na baadhi ya magonjwa ya viungo ni kinga iliyokosea njia. Hata hali iliyotaka kumuua dada yangu haikuwa kazi ya bakteria peke yao. Ni mwili uliopigana bila mpangilio hadi kuumiza viungo vyake wenyewe. Habasoda kula, tangawizi kunywa, ni vyakula vyetu na vina ladha yake. Lakini anayeuza kopo na kusema linatosha badala ya daktari, huyo anauza sanda kabla ya msiba.

Kipo kitu kinachofundisha kinga kwa uhakika, nacho ni chanjo. Humwonyesha mwili sura ya adui bila kumleta adui mwenyewe. Mfano mzuri uko pwani yetu hiyo hiyo. Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi ya bakteria wa nimonia, pneumokoki, mwaka 2011. Kule Kilifi, ambako watafiti walikuwa wakihesabu wagonjwa kabla na baada, maambukizi makali ya aina zilizomo kwenye chanjo yalipungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Hata ambao hawakuchanjwa walipata ahueni, kwa kuwa bakteria walikosa pa kupanga. Wakati Kilifi wanafanya hivyo, hapa ughaibuni tunasambaziana kwenye simu maneno ya kutishana kuhusu chanjo, kisha tunameza kapsuli ambayo hatujui imekaa jua la miaka mingapi.

Ya nne, na hii ndiyo yenye uzito: "Kule nyumbani huna namna. Daktari yuko mbali, pesa hakuna, duka la dawa liko jirani." Kweli kabisa. Sitamhukumu mama wa kijijini ambaye duka la dawa ndiyo zahanati yake. Dunia ina madhambi mawili hapa: wengi bado hufa kwa kukosa antibiotiki waliyoihitaji, huku wengine wakizimeza kama karanga. Lakini mimi na wewe si mama wa kijijini. Hapa England kumwona GP ni bure, hata kwa asiye na makaratasi. Sisi tumebeba desturi ya dhiki tukaileta kwenye nafasi, tukaiita utamaduni.

Madaktari wa simu

Tena tunairudisha kule. Jioni simu inaita: mama anaumwa, mwili unauma, homa. Sisi tulioko huku, ambao maarifa yetu ya tiba ni kuendesha forklifti, tunatoa hukumu: "Hiyo ni taifodi. Natuma pesa, mnunulieni antibiotiki." Pesa inafika kabla mgonjwa hajapimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kutoka manispaa ya Moshi ulionyesha jinsi lilivyo jambo la kawaida kuuziwa antibiotiki bila cheti cha daktari. Muuzaji anauza kwa kuwa mnunuzi yupo. Na pesa ya mnunuzi, mara ngapi imetoka kwetu?

Na hiyo taifodi nayo tuiseme. Wengi tumewahi kwenda likizo, tukapata homa ya siku mbili, tukapimwa dakika chache, tukaambiwa tuna taifodi. Kipimo kinachotumika mara nyingi ni cha Widal, kilichoanza mwaka 1896. Hakimwoni bakteria. Kinaangalia kingamwili, yaani kumbukumbu ya mwili. Na kumbukumbu hubaki baada ya ugonjwa kupita, au baada ya chanjo, na wakati mwingine huamshwa na bakteria wengine wanaofanana naye. Ni sawa na askari kukukamata kwa wizi kwa sababu mlinzi anakumbuka aliwahi kuona mtu kama wewe. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu, nacho huchukua siku. Sisi siku hatuna, tuna haraka na tuna pesa ya kutuma.

Bei ya yote haya inajulikana. Watafiti waliopiga hesabu ya dunia nzima walichapisha mwaka 2022 kwamba katika mwaka 2019 watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa sababu bakteria wao walikuwa sugu kwa dawa. Afrika kusini mwa Sahara ndiko mzigo ulikokuwa mzito kuliko kote. Kwa hiyo anayeteketea kwanza ni yule yule tunayedhani tunamsaidia.

Alishatuonya

Tusijidai kwamba hatukuambiwa. Desemba 1945, Fleming alipopokea Tuzo ya Nobel, alitoa tahadhari kwamba siku itakuja ambapo mtu yeyote atajinunulia penisilini dukani, atajipimia kidogo, na kuwafundisha vijidudu kuizoea. Akatunga hadithi fupi ya bwana mmoja mwenye koo bovu anayejitibu kwa dozi pungufu, akawaacha bakteria hai wakiwa sugu, kisha akamwambukiza mkewe. Mke anapata nimonia, penisilini haimsaidii, anakufa. Fleming akauliza ni nani hasa aliyemuua. Niliposoma habari hiyo nilifunga kitabu. Badilisha mke, weka dada. Hadithi ni yangu, ila mimi Mungu alinihurumia mwisho wake.

Na kabla ya hapo, Februari 1941, mjini Oxford, askari polisi aitwaye Albert Alexander alikuwa miongoni mwa wagonjwa wa mwanzo kabisa kutibiwa kwa penisilini. Bakteria walikuwa wamemla uso, jicho moja limeondolewa. Alipoanza sindano, ndani ya siku chache homa ikashuka, akaanza kula. Lakini dawa iliyokuwepo ilikuwa kiganja tu. Wakafikia kukusanya mkojo wake ili waichuje penisilini iliyomo na kumrudishia. Ikaisha. Ugonjwa ukarudi, akafa Machi. Mwili wake ulipigana, dawa ilimsaidia, msaada ukakatika katikati ya vita.

Yule alikufa kwa kuwa dawa haikuwepo. Sisi tunaelekea kufa rafu zikiwa zimejaa, kwa kuwa dawa iliyopo haisikiki tena.

Sasa tufanye nini?

Msinielewe vibaya. Sisemi watu waache antibiotiki. Nimonia ya bakteria, homa ya uti wa mgongo, figo zilizoingiliwa, damu iliyoingiliwa: haya bila dawa, tena ya haraka, huua. Ninachosema ni kwamba dawa hizi ni akiba ya ukoo mzima, na mtu haigusi akiba ya ukoo bila kikao.

Kwanza, usilete na usiagize. Mtu akikuomba umbebee, mwambie nimekataa mimi. Zilizoko kabatini zipeleke duka la dawa lililo karibu nawe hapa Uingereza. Wanazipokea na kuziteketeza. Usizimwage chooni.

Pili, ukipewa dawa na daktari, zifuate siku alizosema, usipunguze wala usiongeze kwa akili yako. Siku hizi siku hizo zinaweza kuwa chache kuliko tulivyozoea. Mwanamke mwenye maambukizi mepesi ya kibofu anaweza kuandikiwa siku tatu tu, na wa kifua kikuu kwa kawaida miezi sita. Mwenye kujua ni daktari. Na usimgawie mtu zilizobaki.

Tatu, dai haki yako. Mkojo ukichoma mara ya pili, omba uoteshwe. Kiingereza kikikushinda, omba mkalimani; si fadhila, ni haki. Usikubali mtoto wa miaka tisa amtafsirie mama yake habari za kibofu.

Nne, jueni dalili za damu kuingiliwa: kuchanganyikiwa, kupumua mbiombio, kutetemeka, kukosa mkojo siku nzima, ngozi kubadilika rangi. Na kwa ngozi zetu nyeusi, msitazame mashavu kama yanavyoonyeshwa kwenye mabango. Tazameni midomo, ulimi, viganja na nyayo. Hapo usisubiri asubuhi wala usinipigie mimi. Piga 999.

Tano, ukiulizwa umetumia nini, sema. Daktari si polisi. Ningesema kweli usiku ule, dada yangu angeanza na dawa nyingine.

Na mwisho nawageukia viongozi wa jumuiya zetu. Mtu akifa, ndani ya saa 24 tuna kamati, tuna daftari, tuna mweka hazina, na maelfu ya pauni yanapatikana ili mwili urudi nyumbani. Najivunia hilo, ndivyo tulivyolelewa. Lakini niambieni, ni lini tuliwahi kumwita muuguzi mmoja, nao tunao wengi tu miongoni mwetu, akakaa nasi saa moja akatueleza dawa ni nini na kinga ni nini? Tuna kamati ya misiba katika kila mji. Kamati ya uzima hatuna hata moja.

Dada amesoma makala hii kabla sijaituma. Nilitaka kufuta ile sehemu ya hospitali. Akaniambia, "Mdogo wangu, iache. Wewe ulisema hapana, lakini mwenye kumeza nilikuwa mimi. Waandikie hivyo." Basi nimeandika.